Shimo Tulilopewa Siku ya Krismasi

Kila ikifika Desemba wajukuu zangu wa mjini wananipigia simu. "Shikamoo bibi. Safari hii tukuletee zawadi gani?" Nawajibu sukari na dawa ya kifua. Wao wanaongeza ya kwao: kitenge, blanketi, mwaka mmoja wakaniletea saa ya ukutani inayolia kama ndege, nikaizima. Nashukuru vyote. Mtu akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, huanzi kupekua bei.

Ila iko zawadi moja ya Krismasi ambayo sijawahi kuwasimulia, kwa sababu inamhusu baba yao mkubwa, mwanangu wa kwanza, na mwenyewe yuko hai. Anajua kwamba naandika. Nilimwambia, akasema andika tu mama. Zawadi hiyo haikufungwa kwenye karatasi. Ilikuwa shimo la kumzikia mtoto wake.

Huku kwetu, ukitoka Ihanja barabarani ukaingia ndani kidogo, kaburi halina bei. Mtu akifa, aliyesikia anamwambia asiyesikia. Waliokuwa shambani wanafungua maksai, plau inaachwa palepale ilipofika. Mpaka marehemu azikwe hakuna anayelima, hata mvua iwe imenyesha vipi. Wanaume wanakuja na sururu na mabeleshi bila kuitwa, wanawake wanakuja na kuni, maji na unga. Mkristo anamchimbia Mwislamu, na Mwislamu anamchimbia Mkristo. Mwenye msiba yeye hachimbi, anakaa. Baba akishika jembe kumchimbia mwanawe, kwetu hilo ni jambo la kutisha, maana yake mtoto huyo hana watu.

Kwa hiyo kaburi unapewa. Na wanaokupa wanaangalia jambo moja: siku yetu ilipofika, wewe ulikuwa wapi?

Mwanangu hakuwa popote. Aliondoka hapa akiwa kijana, akahangaika Singida mjini, akafungua mashine ya kukamua alizeti, Mungu akambariki. Akarudi akajenga nyumba kijijini, ng'ambo ya barabara, yenye marumaru na madirisha ya alumini na geti la chuma. Si mtu mbaya. Hanywi, hampigi mkewe, sadaka anatoa. Lakini misibani haendi. Akisikia fulani amefariki anatuma rambirambi kwa simu, tena kubwa kuliko za wengine, halafu anaendelea na mashine yake.

Nilimsema, tena si mara moja.

"Mama, huku watu wanafariki kila wiki. Nikienda kila msiba, mashine ataiwasha nani?"

"Itazimika. Kwani siku ukifa wewe, mashine ndiyo itakuja kukuzika?"

"Si natuma pesa? Wengine wanakwenda kukaa tu na kula makande ya watu."

"Basi nenda na wewe ukakae tu."

Akacheka, akaniachia dumu la mafuta ya kupikia, akaondoka.

Kilichoharibu kabisa kilitokea msimu wa mavuno. Jirani yetu, Mwislamu, alifiwa na mkewe. Walikuwa wanavuka barabara na jeneza begani kwenda makaburini, watu wamejaa pande zote, mwanangu akatokea na lori limejaa magunia ya alizeti. Akapiga honi. Yeye anasema alipiga kidogo tu, ili walioko nyuma wajue kwamba lori limefika. Huenda ndivyo. Sisi tuliokuwa pale tulisikia honi. Yule bwana aligeuza shingo akalitazama lori, kisha akageuka, wakaendelea kutembea. Siku hiyohiyo mwanangu akamtumia rambirambi. Ikarudi yote, bila neno.

Sasa nije kwa mtoto. Binti mkubwa wa mwanangu nilikaa naye mimi tangu alipoacha ziwa. Alipewa jina langu. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu tulikuwa wake wenza, na mume tuliyemgombea ni babu yake, aliyekufa kabla huyu hajazaliwa.

"Mke mwenzangu," namwambia, "leo vyombo ni zamu yako."

"Mimi mke mdogo, bibi. Mke mdogo anapendwa, haoshi vyombo."

"Anapendwa na nani? Mwenyewe yuko chini pale."

"Ananiota."

Alikuwa na mdomo huyo. Lakini akimwona mtu mzima njiani, hata awe mbali, anaweka chini alichobeba, anapiga goti, anasalimia. Na kila msiba tulikwenda wote. Mimi natangulia na unga, yeye nyuma na ndoo yake ndogo ya maji kichwani. Sikumlazimisha. Akirudi shule ananiuliza, "Leo hatuna msiba?" kama watoto wengine wanavyoulizia harusi. Akifika anawatafuta watoto wa marehemu walikojificha, anakaa nao. Siku ile jirani yetu alipomzika mkewe, yeye alishinda nyuma ya jiko akimsuka nywele binti mdogo wa nyumba ile.

Homa ilimshika siku za mwisho za Majilio. Kanisani walikuwa wanafundishwa mistari ya kusema siku ya Krismasi, na wake alikwisha kuushika, akausema hata akiwa anatetemeka kitandani. Baba yake alikuja na gari, tukampeleka hospitali. Alitundikiwa maji, akachomwa sindano, daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo. Pesa haikukosekana. Akafa asubuhi, mama yake amemshika mkono.

Nilitaka aletwe kwangu. Mwanangu akakataa. "Mama, kwako watu watakaa wapi? Kwangu kuna nafasi." Akapiga simu mjini, likaletwa turubai na viti vya plastiki vyeupe, vikapangwa mistari mbele ya nyumba. Sikubishana, alikuwa amefiwa.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na mkwe wangu, jeneza liko mbele yetu, nikasikia mtu anakemea maksai. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasikia tena. Nikatoka nikasimama getini. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, udongo umelainika, na mashamba yote yalikuwa na watu. Plau huku, plau kule, wanawake nyuma wanadondosha mbegu. Mtoto amelala ndani, na kijiji kinapanda alizeti. Ndipo nikajua kwamba tumesusiwa.

Mwanangu alikuwa bado anaangalia njia. "Labda habari haijawafikia."

"Imewafikia," nikamwambia.

Mkesha wa Krismasi asubuhi aliingia mtu mmoja tu, mtani wetu, mwanamke wa Kigogo kutoka upande wa Kilimatinde aliyeolewa hapa. Mtani msibani anasema anachotaka na hakasirikiwi, hiyo ndiyo nafasi yake. Alipita katikati ya vile viti vitupu, akavipigia goti.

"Shikamooni viti. Poleni na msiba. Mmelala salama?" Akamgeukia mwanangu. "Tajiri, wageni wako wana adabu. Hawali, hawaombi hata maji."

"Mtani, leo sina utani."

"Utani ni wangu, wewe una msiba. Leta hiyo simu."

"Ya nini?"

"Tutume sururu. Namba ya kaburi ni ipi? Au na yenyewe ukituma inarudi?"

Mwanangu alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Kaa chini," nikamwambia. Akakaa.

Yule mama akaja akachuchumaa karibu yangu, sauti yake sasa nyingine, hana mchezo tena. "Dada, nimetumwa. Watu wanasema mtoto wanamtaka, hawana ugomvi naye wala na wewe. Lakini geti hili hawaingii. Msiba uhamie kwako, azikwe pale kwa babu yake, watachimba."

Nilifikiri limekwisha. Mwanangu akasema hapana.

"Atazikwa hapa. Eneo ninalo, na mimi ndiye baba. Sitaomba ruhusa ya kumzika mwanangu."

"Tangu ameacha ziwa analala kwangu," nikamwambia. "Hapa kwako alikuwa anakuja kutembea."

"Mama, usinidhalilishe mbele za watu."

"Watu gani?" nikamuuliza.

Alichukua gari akaenda barabarani, akarudi na vibarua amewapakia nyuma, vijana wenye nguvu, wana sururu zao, wanacheka kama watu waliopata kazi ya sikukuu. Akawaonyesha mahali kando ya ukuta. Wakaanza kufyeka nyasi. Yule mkubwa wao akawa anatazamatazama, akaja nilipokaa.

"Shikamoo bibi. Wenyeji wako wapi?"

"Wanalima."

Akatazama mashamba, akatazama turubai. "Marehemu ni wa hapahapa?"

"Wa hapahapa. Ni mtoto."

Akarudi kwa wenzake, wakanong'onezana, kicheko kikaisha. Akamwambia mwanangu, "Mzee, tutafutie kazi nyingine. Ukitaka choo tutachimba hata sasa hivi. Hii hapana."

"Nitawaongeza."

"Ukiongeza ndiyo unatutisha zaidi. Na sisi tuna watoto, mzee."

Waliondoka kwa miguu. Aliwaambia atawarudisha kwa gari, wakasema wanapenda kutembea.

Mwanangu alibaki amesimama kwenye zile nyasi zilizofyekwa. Halafu akasema maneno ambayo mkwe wangu alipoyasikia alilia upya kama ndiyo kwanza ameambiwa mtoto amekufa. "Basi kesho nampeleka mjini. Makaburi ya mjini yana watu wa kazi hiyo."

"Na shimo utalipata," nikamwambia. "Litachimbwa na mtu asiyejua anamchimbia nani. Utamlaza kati ya watu asiowajua, mtoto aliyekuwa anasalimia kila mtu. Magugu yakiota nani atayang'oa?"

"Unataka nifanye nini, mama? Niambie basi, nifanye nini?"

Tangu awe mtu mzima hakuwahi kuniuliza hivyo. Lakini sikumfariji. "Mimi siwezi kuwaamuru watu," nikasema. "Mchungaji hawezi, mwenyekiti wa kijiji hawezi. Kaa na hilo." Nikarudi ndani kwa mtoto.

Asubuhi ya Krismasi nilikwenda kwangu kuchukua gauni alilokuwa amewekewa kwa ajili ya kusema mstari wake kanisani. Nikasikia jembe. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mwanangu alikuwa pale kando ya kaburi la baba yake, amevua shati, anachimba.

Hakuniambia kwamba amekubali msiba uhame. Alikuwa anachimba tu. Nilifungua mdomo nimzuie, kwa sababu ni vibaya, nimekwisha kusema ni vibaya. Lakini akiacha yeye, nani atachimba? Nikakaa kwenye jiwe, gauni liko mapajani.

Udongo wa juu ulikuwa laini kwa mvua. Baadaye ukaja wa changarawe, kisha jembe likaanza kulia kwenye mwamba. Huku kwetu ndivyo ilivyo, ukichimba hovyo unalikuta jiwe. Hakuwa ameshika jembe kwa miaka mingi. Malengelenge yalimtoka, yakapasuka, mpini ukawa na damu.

Njia ya kwenda kanisani inapita hapohapo, nje ya uzio wangu wa minyaa. Watu wakaanza kupita wamevaa nguo za sikukuu, watoto wana viatu vipya vinavyowauma, kwaya wamebeba majoho mkononi. Wote waliona. Wanawake walivuta khanga wakafunika nyuso. Wanaume wakaangalia mbele. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyecheka pia, hilo niliseme.

Mwinjilisti wetu, kijana bado, yeye alisimama. Akaingia, akavua koti.

"Bwana asifiwe, mama. Nimsaidie kidogo."

"Asifiwe milele. Vaa koti lako, ukaongoze ibada."

"Watu niwaambie nini?"

"Waambie Yesu amezaliwa. Si ndicho ulichotumwa? Haya yetu wanayajua, wamepita hapa."

"Niwaombe waje?"

"Usiwaombe. Ukiwaomba watakuja kwa ajili yako."

Akaenda. Baada ya muda nikasikia nyimbo. Unajua nyimbo za Krismasi zilivyo, zote za furaha, na kwaya yetu ina sauti. Nikawa nasikia zile nyimbo na jembe linagonga mwamba. Nikawaza wale mamajusi na zawadi zao. Watu wanapenda kutaja dhahabu. Manemane wanaipita haraka, nayo ni ya kupaka maiti. Mtoto mchanga analetewa dawa ya maziko, na mama yake anaipokea na kuiweka. Nikawaza tena kwamba Bwana mwenyewe alizaliwa mahali pa watu, akaja kulazwa kwenye kaburi la mtu mwingine. Hakulipia pa kwanza wala pa mwisho, alipewa. Sikuwaza hivyo ili nijifariji. Ukikaa kwenye jiwe bila la kufanya, ndiyo yanayokuja.

Yule jirani Mwislamu alitokea upande wa bondeni, sururu begani, kofia yake ya kufuma kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto bado yuko ndani tangu juzi?"

"Bado."

"Kwetu maiti halazwi namna hii," akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Akaenda akasimama kwenye ukingo. Mwanangu akaacha kuchimba.

"Kaka, siku ile barabarani..."

"Toka."

"Nilitaka kukwambia kwamba..."

"Sikuja kusikiliza. Toka shimoni. Baba hachimbi."

Mwanangu alipanda kwa shida, udongo unamporomokea, na yule bwana hakumpa mkono. Akashuka yeye, akakagua kwa sururu huku na huku.

"Umechimba vibaya. Umelielekeza kwenye jiwe." Akaniuliza mimi, "Urefu wake ulifika wapi?" Nikasimama nikamwonyesha kifuani mwangu. Akalisogeza kaburi kidogo upande wa kaburi la mume wangu, kwenye changarawe, akaanza. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Halafu, ameinama hivyohivyo, akasema, "Siku ya kumzika mke wangu, huyu alimsuka mwanangu. Mpaka leo kule nyumbani akisukwa ananuna, anasema si kama za dada."

Hapo niliuma khanga.

Wakaja wengine wawili watatu anaoswali nao, maana kwao haikuwa siku ya ibada. Na nyimbo zilipokwisha, wakaja wa kanisani. Hawakwenda nyumbani kwanza kubadili. Walivua mashati mapya wakayatundika kwenye minyaa, wakapokezana, mmoja akitoka mwingine anaingia. Sikusikia mahubiri ya mwinjilisti siku ile na sijamuuliza alisema nini. Wanawake wakawasha moto jikoni kwangu kama wanavyofanya siku zote, wakauliza chumvi iko wapi.

Kaburi lilipokuwa tayari wakaniambia, "Bibi, mtoto aletwe."

Tukavuka barabara wote. Mwanangu alitangulia akafungua geti, pande zote mbili, mpaka mwisho. Wanaume walifika pale wakasimama. Hawakuingia. Alisema, "Karibuni, ndugu zangu," wakatazama chini. Basi tukaingia sisi, mwanangu, mkewe na mimi. Tukamvalisha gauni lake. Tukabeba jeneza sisi watatu, mimi na miguu yangu hii, tukapita katikati ya viti vyeupe mpaka getini. Palepale kwenye mstari wa geti wakalipokea, likapanda begani mwao, na wanawake waliokuwa nje wakaanza kulia. Kile kilio ndicho nilichokuwa nakingoja tangu juzi bila kujua. Nilikuwa sijalia hata chozi. Nikalia njia nzima.

Alizikwa. Mwinjilisti akasema maneno machache, Waislamu wakasimama kando wametulia mpaka amemaliza, kisha wote wakafukia. Mwanangu alipewa udongo wa kutupa, kama baba anavyopewa. Beleshi hakupewa.

Alikuwa amenunua ng'ombe wa sikukuu kabla mtoto hajaugua, sasa amechinjwa, na nyama ilikuwa imepikwa kule kwake na watu aliowaleta kutoka mjini. Akasimama mbele za watu. "Ndugu zangu, asanteni sana. Karibuni nyumbani, chakula kipo."

Yule jirani alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo yangu. Akakung'uta maji, akasema kwa upole kabisa, "Chakula kipo hapa." Na ndivyo ilivyokuwa. Wakakaa chini uani kwangu, ugali wa uwele na mlenda walioupika wanawake kwa unga waliokuja nao. Mwanangu akabaki amesimama katikati, mikono inavuja damu, hajui akae upande gani. Mtani wetu ndiye aliyemkatia tonge akamwekea kiganjani.

"Kula, tajiri. Usije ukafa na wewe leo, watu wamechoka."

Wachache wakacheka. Msiba wetu ukasikika kama msiba.

Watu walipoondoka alikuja akakaa karibu yangu, mkewe yuko ndani.

"Mama, wamenisamehe?"

"Sijui. Kawaulize."

"Mbona wamechimba?"

"Wamemchimbia mtoto. Yeye alikwisha kwenda kwao."

"Na mimi?"

Ningeweza kumwambia neno tamu. Ilikuwa Krismasi, na mtu mzima alikuwa analia. Lakini ningemdanganya. "Wewe hujapewa kitu," nikamwambia. "Usijichanganye ukadhani umepewa."

Wapo watakaosema nilikuwa mkali. Mimi naona Mungu alimpa mjukuu wangu siku ile kitu ambacho baba yake hakuweza kukitafuta popote, na kumwacha baba adhani kilikuwa chake ni kumwibia mtoto.

Mwaka ulipoanza mzee mmoja wa upande wa kisimani alifariki. Mwanangu alizima mashine, akanunua sururu, akaenda. Walimpokea, wakamsalimia, akakaa. Mtu alipotoka shimoni akasogea ashuke yeye, na mmoja akamwambia kwa adabu, "Pumzika tu, kaka, tunatosha." Akarudi kukaa. Msiba uliofuata ikawa hivyohivyo, na uliofuata. Ameanza kubeba maji pamoja na wanawake. Hajakosa msiba, hata wa watoto wachanga ambao watu wengi hawaendi. Mama mmoja aliniambia, "Mwanao siku hizi tunamwona." Nikajibu ndiyo.

Lakini kushuka shimoni hajaruhusiwa bado. Siwezi kwenda kumwombea kwa watu, hilo haliombwi. Kwa Mungu namwombea, kila siku. Jioni akitoka kuzika anapita kwangu, sururu begani, chuma chake bado kina rangi ya dukani. Naweka maji mlangoni kama ninavyomwekea yeyote anayetoka msibani. Ananawa mpaka kwenye viwiko ingawa hajachafuka, ananiambia marehemu alikuwa nani na walimlaza wapi, anakwenda kwake.